Kengele ya Orpha na Kikaango cha Verdie

Hadithi hii nilisimuliwa na Orpha mwenyewe, mama mkwe wangu, majira ya kuchipua yaliyofuata baada ya kumzika Verdie. Tulikuwa tumekaa nyuma ya ukumbi wa kanisa, beseni katikati yetu, tunaosha vitunguu mwitu vya sikukuu yetu ya kila mwaka. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma kucha. Miaka yote niliyoishi naye, mtu akimuuliza sikukuu ilianzaje, alikuwa akijibu, "Ni Mungu tu," basi. Siku hiyo akakung'uta udongo mikononi, akaniambia, "Mwanangu, sasa Verdie hayupo wa kunisahihisha. Keti vizuri."

Nikaketi vizuri.

Hapa mjini Hadley kila mtu anajua kwamba mwanzilishi wa sikukuu ni Orpha. Jina lake limechongwa kwenye ubao juu ya mlango wa ukumbi. Kila mwaka, theluji ikishaondoka kwenye mabonde na vitunguu mwitu vikachomoza, yeye ndiye aliyekuwa anapiga kengele ya kuwaita watu mezani. Watoto shuleni wanafundishwa kwamba mwaka mgodi wa makaa ulipofungwa, na njaa ikaingia, mama mmoja mwenye huruma aliwaita watu wote waje kula. Njaa ilikuwepo, hilo ni kweli. Huruma ndiyo sijui waliitoa wapi.

Orpha alikuwa binti wa mwenye duka. Mama yake, Bibi Adaline, alikuwa mwanamke wa glavu na kofia, na nyumbani kwake vitunguu mwitu havikutajwa. Ninyi mnaojua harufu yake hamhitaji maelezo. Ukila leo, kesho unanuka, keshokutwa unanuka, na haitoki mdomoni peke yake, inatoka kwenye ngozi. Mwalimu alikuwa anawarudisha watoto nyumbani. Bibi Adaline alisema ni chakula cha watu wa juu bondeni, wasio na zulia. Orpha akakua hajui hata jani lake likoje.

Sasa huyo Orpha akampenda Hobert, mkata magogo, mtu wa huko huko juu bondeni. Kabla ya kuolewa akampa sharti moja tu. "Vitunguu vile visipite mlangoni kwangu. Hata harufu yake isipite."

Hobert akakubali. Mwanaume aliyependa angekubali hata kula majani makavu.

Walioana wakati wa mavuno. Majira ya baridi yakapita vizuri, wamejifunika blanketi moja la viraka. Kisha theluji ikayeyuka, na jioni moja Hobert akaingia ndani, na pua ya Orpha ikasimama kama masikio ya farasi.

"Umekula nini?"

"Si unasikia mwenyewe."

"Umekula wapi?"

"Kwa Verdie."

Hakuficha. Orpha aliniambia, "Angedanganya ningejua la kufanya. Mtu asiyedanganya utamshika wapi?"

Verdie alikuwa mjane. Mumewe alifia mgodini, naye alikaa peke yake kwenye chanzo cha kijito, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Yeye na Hobert walikua pamoja, walichuma matunda mwitu pamoja, walichapwa pamoja. Hakuwa mzuri wa sura kumzidi Orpha. Lakini alikuwa na mikono minene ya mtu anayejua kupika, na kicheko kinachofika kabla yake. Orpha alikuwa hajawahi kumtazama mara mbili. Kuanzia jioni ile akawa anamtazama kanisani kuliko alivyomtazama mchungaji.

"Ulikaa kiti gani?" akamuuliza Hobert usiku huo.

"Kiti."

"Kiti gani? Cha marehemu?"

"Orpha, kiti ni kiti. Nilikuwa na njaa. Mama yangu alikuwa anatupikia hivyo kila mwaka, nyama ya nguruwe na viazi, juu yake vitunguu. Bila hivyo mimi sijui kama baridi imekwisha."

"Na Verdie ndiye anayekuambia baridi imekwisha."

"Nitalala barazani," Hobert akasema, akachukua blanketi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Orpha alikuwa anakinusa kila siku. Alinusa kola ya shati. Alinusa kofia, alinusa mpini wa shoka. Siku ambazo hapakuwa na harufu alifurahi mpaka mchana, kisha akaanza kufikiri kwamba labda Hobert alikwenda huko na hakula. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akikaanga viazi anamuona Verdie akikaanga viazi. Alikuwa akimwekea Hobert sahani anaona mkono mnene ukimwekea sahani nyingine. Usingizini anasikia kile kicheko.

Akaenda kwa mama yake amlilie. Mlango wa chumba umefungwa. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, majira ya kuchipua yakianza Bibi Adaline alishikwa na mafua, akajifungia siku kadhaa.

"Usiingie, mwanangu, nitakuambukiza."

"Mama, Hobert anakula kwa Verdie."

Kitanda kikalia nyuma ya mlango. "Anakula nini?"

"Vile vitu."

"Aa. Sasa, mwanangu, mwanaume akila atarudi tu. Usilifanye kubwa."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ni aibu."

"Nina homa, Orpha. Kesho tutaongea."

Hakupata msaada hapo. Na dukani alipopita akamkuta Icie, jirani yake, mwanamke ambaye Mungu alimpa ulimi akasahau kumpa kazi nyingine.

"Shoga, nasikia mumeo amehamia barazani."

"Anapenda hewa."

"Hewa ya huko juu kijitoni, au hewa hii ya kwetu?"

Orpha akachukua chumvi yake akatoka. Njiani akaamua. Kama ni vitunguu tu, kama kweli ni tumbo tu na si kitu kingine, basi atavipika yeye. Atavipika kuliko Verdie. Amri ni yake, ataivunja mwenyewe, na Hobert hatakuwa na sababu ya kupanda tena.

Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani, Icie? Akachukua kijembe, akashuka kwenye kinamasi nyuma ya zizi, akakuta majani mapana ya kijani yamechomoza kwenye matope, yamejikunja mikunjo kama sketi ya mtoto wa shule. Akasema ndiyo haya. Akang'oa kapu zima. Akaosha, akakatakata, akakaanga nyama ya nguruwe, akatupia majani juu. Akavaa aproni iliyopigwa pasi.

Hobert alipoingia akaona meza imetandikwa. Akaona sahani. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto, Orpha aliniambia, na kwa dakika moja hakukuwa na Verdie duniani.

Akakaa. Akainua uma. Akausimamisha.

"Mke wangu, umevichimba wapi?"

"Kinamasini, nyuma ya zizi."

"Umevinusa?"

Orpha akainama juu ya sahani. Hakukuwa na harufu. Nyama ilinukia, mafuta yalinukia, lakini majani yalikuwa kimya kama maji. Ile pua iliyokuwa inapekua shati la mtu kutwa nzima ilisahau kupekua sufuria.

"Hili ni lile jani ambalo hata ng'ombe analikwepa," Hobert akasema taratibu. "Tungekula hili, kesho Mchungaji angekuwa na kazi."

Akabeba sahani mbili akazifukia nje, mbali na kuku. Aliporudi alikuwa anajitahidi asicheke, na akashindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo. Orpha naye angecheka, aliniambia hivyo, angecheka kabisa na mambo yangeisha pale. Lakini siku mbili baadaye Icie akamwambia dukani, mbele ya watu, "Shoga, nasikia ukialika watu chakula tuje na daktari."

"Nani kakwambia?"

"Si Hobert alisimulia kwa Verdie. Verdie alicheka mpaka akamwaga kahawa, wanasema."

Hapo ndipo wivu ulipoacha kuwa kidonda ukawa moto. Kula ni kula. Lakini kuchukua aibu ya mke ukaipeleka kwa mwanamke mwingine, mkaicheka pamoja mezani, huko Orpha aliona ndiko kulala nje kwenyewe. Jumamosi ilipofika, Hobert akaaga kwamba anakwenda kutazama mtego, Orpha akamwacha apotelee kwenye kona. Kisha akavaa viatu vya mvua vya baba yake, akafuata kijito kwenda juu.

Matope yalikuwa yanamvuta miguu. Alikuwa anapanga maneno. Atamkuta Hobert kwenye kiti cha marehemu, miguu ameinyoosha, na Verdie amesimama nyuma yake. Atasema, "Endelea kukaa, usiinuke." Atasema, "Nguo zako nitazileta na mkokoteni." Alikuwa na maneno mengi mazuri, yote akayapoteza njiani, maana kabla hajaiona nyumba harufu ilimpokea. Haikuwa harufu ya sahani moja. Ilikuwa harufu ya sufuria kumi.

Akasukuma mlango bila kubisha.

Chumba kilijaa watu. Walikuwepo wakata magogo, walikuwepo wake zao, alikuwepo yule mwalimu aliyekuwa anawarudisha watoto nyumbani, mdomo umejaa. Mchungaji alikuwa amejibanza dirishani, sahani magotini. Hobert hakuwa kwenye kiti chochote. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango wa nyuma, anaosha vitunguu kwenye beseni, mikono myekundu kwa baridi.

Na kiti cha marehemu, kile chenye mikono, alikikalia Bibi Adaline. Glavu ameziweka juu ya kofia, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko, kidevu kinang'aa mafuta.

"Funga mlango, Orpha," akasema mama yake. "Baridi inaingia."

Hakuna aliyecheka. Orpha akafunga mlango, kwa sababu alilelewa kumtii mama.

"Mafua yako vipi, mama?"

"Yanaendelea," akasema Bibi Adaline, akashusha macho. "Mwanangu, mimi nilizaliwa nyumba ya pili kutoka hapa. Baba yako anajua. Wewe hukuuliza."

Verdie alikuwa jikoni, kikaango cha chuma kikubwa kama tairi la toroli mbele yake, jasho linamtiririka. Hakugeuka haraka. Alimaliza kugeuza viazi kwanza.

"Karibu, Orpha. Leo hatujamwaga kahawa."

Watu wakainamia sahani zao.

Orpha aliniambia kwamba alipopanda kile kilima alikuwa na wivu wa aina moja, na pale mlangoni ukageuka wa aina nyingine, na hakujua upi unauma zaidi. Mume hakuwa ameibiwa. Mji mzima ndio ulikuwa umehama. Wote walikuwa na mahali pa joto pa kwenda baridi ikiisha, mume wake, mama yake, mpaka mchungaji, na yeye peke yake ndiye aliyebaki chini na pua safi.

"Na mimi kwa nini sikuitwa?" akauliza. Sauti ikamtoka ndogo.

"Nani angekuita?" Verdie akasema. "Ulisema hata harufu isipite mlangoni kwako. Tukakuheshimu."

"Ungeniita."

"Ungekuja?"

Hobert akainuka kutoka kwenye ndoo. "Orpha, kaa hapa. Kula kidogo."

"Sili," akasema. "Sili chakula cha kujificha. Ninyi wote mnajificha. Mwalimu anajificha, mama anajifanya ana homa. Mnapanda huku kama wezi wa kuku." Akavuta pumzi, na hapo, aliniambia, ndipo wazo lilipomjia, na halikutoka kwa Mungu. "Jumamosi ijayo mtakula chini, kwenye ukumbi wa kanisa. Milango wazi. Mji wote. Asiyekula asiingie, na watakaonuka wanuke wote, mwalimu asipate wa kumrudisha. Mchungaji, ukumbi si uko wazi?"

Mchungaji akameza. Angesema nini, na alivyonuka vile. "Uko wazi, dada."

Verdie akafuta mikono kwenye aproni. Akamsogelea Orpha mpaka karibu, akasema kwa sauti ya wao wawili tu.

"Unataka kushusha kikaango, au unataka kumshusha mumeo?"

"Vyote viwili."

Verdie akamtazama. Orpha alisema hakuona hasira, aliona kama mtu anayepima unga. "Kikaango nitakushushia, maana mwaka huu kuna wasio na kitu nyumbani, na huku juu hawafiki. Mume sina wa kukushushia. Huyo sikumpandisha, alipanda mwenyewe kwa miguu yake."

"Atashuka kwa hiyo hiyo."

"Haya. Lakini Orpha, huwezi kupika."

"Najua," Orpha akasema. "Nitapiga kengele."

Ndivyo sikukuu yetu ilivyoanza. Jumamosi hiyo wanaume walipanda kwenye miteremko ya kaskazini na vijembe, wakachimba magunia, wakiacha mashina kadhaa kila mahali ili mwakani vichomoze tena, kama Verdie alivyowaamuru. Wanawake walileta viazi, maharage na mkate wa mahindi, aliyekuwa na yai akaleta yai. Orpha alisimama mlangoni na kengele ya shule, akaipiga mpaka mbwa wakaja. Watoto wa wachimba makaa, ambao walikuwa hawajashiba tangu mgodi ufungwe, walikula wakarudia. Kila mtu alinuka, kwa hiyo hakuna aliyenuka. Mnajua ilivyo, aliyekula hasikii harufu ya mwenzake.

Orpha mwenyewe ilibidi ale, sheria ilikuwa yake. Alikula amesimama, akitarajia kuchukia. Aliniambia ilikuwa kama kula msitu wenyewe, chungu kidogo na tamu nyuma yake, na aliona hasira kwamba kitu kitamu hivyo alikijua Verdie kabla yake.

Mwishoni Mchungaji akasimama juu ya benchi. "Tumshukuru dada yetu Orpha, aliyetuita mezani." Watu wakapiga makofi. Jikoni, nyuma ya moshi, Verdie alikuwa anakwangua kikaango. Aliinua kichwa akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwenye kengele ndiye mwenye karamu," akaendelea kukwangua.

"Ulijisikiaje, mama?" nilimuuliza Orpha.

"Nilifurahi," akasema. "Nilifurahi sana, mpaka nilipomuona Hobert anapeleka sahani jikoni kuongezewa. Akaipeleka tena. Na tena."

Yeye akapiga kengele miaka yote iliyofuata, Verdie akapika miaka yote iliyofuata, na hawakuwahi kukaa benchi moja. Lakini alichotaka kunisimulia ni jioni ile ya kwanza, basi niimalize.

Walirudi nyumbani bado kuna mwanga. Hobert akasimama barazani, akalitazama blanketi lake, akamtazama mkewe.

"Ingia," Orpha akasema. "Sasa tunanuka wote."

Wakapanda kitandani mapema kama watu wa shamba. Hobert akavuta blanketi la viraka mpaka kidevuni. Alikuwa ameshiba, ametulia, mtu ambaye baridi yake imekwisha.

"Ulipopeleka sahani, Verdie alikwambia nini?" Orpha akauliza.

"Lini?"

"Mara ya tatu."

Hobert akapiga miayo. "Alisema mwambie mkeo kengele yake inapasua watu masikio."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema nitazoea."

Akageukia ukutani, na kabla hajajibiwa alikuwa anakoroma.

Orpha akasogea. Akaweka pua kwenye shingo ya mumewe, pale chini ya sikio, mahali alipozoea kupekua. Akanusa. Hakusikia kitu. Akanusa nywele, akanusa mkono. Hakusikia hata chembe, si ya vitunguu vya ukumbini wala vya mahali pengine. Kwa kula kwake amejifunga pua mwenyewe, na mwakani atakula tena, na mwaka unaofuata, na hatajua kamwe kwa pua kama mtu huyu amepanda kijito au hakupanda. Itabidi amuamini tu, au amuulize. Alisema aliona woga, kisha akaona kama mzigo umeshuka begani, kisha woga tena.

Dirishani, mbali juu ya kijito, taa ya Verdie ilikuwa bado inawaka. Verdie alikuwa na kikaango cha kuosha, peke yake, na meza ambayo mwaka ule haingekaliwa na mtu tena. Orpha akaitazama ile taa bila kupepesa, mkono wake umeshika shati la Hobert kwa nyuma, umelikamata kweli kweli, kama mtu anayeshika mkia wa ndama sokoni.

Taa ikazimika. Akangoja kidogo, aone kama itawashwa tena. Haikuwashwa. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja kwenye shati, na Orpha naye akalala.